Tahadhari za Mzee Elisante

Kapteni Swedi hakuwahi kutua katika kiwanja cha Chidodo bila kuonywa, na jambo hilo lilikuwa limeanza kumtoa akili. Akiwa bado mbali, milima ya Haneti ikiwa chini ya mabawa, sauti ya mwongoza ndege ilimjia masikioni, nzito, ya taratibu, ikitoa kwa Kiingereza cha redio maneno yale yale ya jana na juzi. Tahadhari, ng'ombe karibu na njia ya kurukia. Tahadhari, watu wanavuka. Tahadhari, kimbunga cha vumbi upande wa mashariki. Pita juu kwanza, uhakikishe. Swedi alipita juu, akachungulia, akakuta njia nyeupe, haina hata kuku. Kiangazi alionywa juu ya vumbi, na mvua ziliponyesha mpaka magari yakazama kwenye matope, alionywa juu ya vumbi vilevile.

Chidodo usijisumbue kukitafuta kwenye ramani. Kilikuwa kiwanja kidogo kusini ya Miyuji, kilichofunguliwa miaka ile serikali ilipoanza kuachia kila kitu ilichokuwa imekikumbatia: maduka, viwanda, mabasi, na mwishowe hata anga. Zamani rubani alikuwa mtumishi wa umma, na Swedi mwenyewe alikuwa mmoja wao mpaka shirika lilipopunguza watu. Sasa mtu yeyote mwenye ndege kuukuu na rafiki ofisini aliweza kuandika jina lake ubavuni na kuuza tiketi. Brighton, aliyepata utajiri kwenye mabati na baiskeli, alinunua ndege moja ya watu sita, akamwajiri Swedi, akajiita kampuni.

Kiwanja chenyewe kilikuwa na kasoro moja ambayo kila rubani aliijua. Njia yake ilikuwa na mgongo katikati, hivyo aliyekuwa akitua kutoka magharibi hakuona kilichokuwa upande wa pili mpaka magurudumu yawe chini. Ng'ambo ya pili palikuwa na lambo, na wafugaji walinywesha hapo. Uzio ulikuwepo zamani, lakini nyaya zake zilikuwa zimeshageuka mitego na kamba za kuanikia nguo. Aliyeweza kuona ncha zote mbili ni mtu mmoja tu, aliyeketi juu mnarani nyuma ya vioo, na mtu huyo aliitwa Mzee Elisante.

Mwaka uliopita ndege moja ilikuwa imegonga mbuzi hapo, ikapinda tairi. Basi Swedi hakusema kwamba tahadhari ni upuuzi. Alichosema ni kwamba tahadhari inayotolewa kila siku si tahadhari tena, na kwamba anayeitoa ana lake jambo.

Brighton ndiye aliyelipatia jambo hilo jina. Siku hiyo Swedi alikuwa ameshusha abiria kutoka Kondoa, mmoja wao mtu wa wizara ambaye kila ndege ilipozunguka alishika tumbo. Brighton aliwangoja abiria waende, ndipo akamvuta rubani wake kando ya tangi la mafuta.

"Umepita juu tena."

"Nimeambiwa nipite."

"Wale wenye ndege za bluu hutua moja kwa moja. Nimewatazama kwa macho yangu. Kapteni, huyo mzee amekula kwao. Anatuchelewesha sisi ili watu waseme ndege ya Brighton inazungukazunguka kama tiara." Alitema mate. "Mimi sina ugomvi na wewe. Lakini nina kijana amemaliza mafunzo Nairobi, anangoja simu yangu. Ukiendelea kunizungushia mafuta yangu angani, nitampigia."

Kwa mtu aliyekwisha kupunguzwa kazini mara moja, maneno hayo yalitosha. Swedi alikuwa na watoto wanne na mke, na hakuna mji wowote wa bara uliokuwa ukitafuta rubani wa miaka arobaini na kitu. Tangu siku hiyo akaacha kuisikia sauti ya mnarani kama sauti ya kazi. Akaanza kuichunguza, kila neno na kila kimya, akitafuta hongo ilikofichwa.

Na mwenye shaka hakosi ushahidi. Asubuhi moja alikaa ndani ya ndege iliyozimwa injini, redio ikiwa wazi, akaisikiliza ndege ya bluu ikiingia. Zamu ilikuwa ya Debora, mwongoza ndege msaidizi, naye alimwambia rubani wake: upepo mdogo, njia ni safi, karibu. Basi. Hakuna ng'ombe, hakuna kimbunga. Mtu mwenye akili iliyotulia angesema, huyu ni Debora na yule ni Elisante, kila mtu na mkono wake. Swedi alisema, mkubwa wa mnara ni Elisante, kwa hiyo Debora amepewa maelekezo. Alipopata habari kwamba Elisante ndiye aliyeomba kuhamishiwa zamu ya alasiri, saa ambazo ndege ya Brighton hurudi, hakuhitaji tena mtu wa kumshawishi.

Lakini kilichomkata maini hasa ni salamu. Walikutana penye kibanda cha chai, njia nyembamba, hakuna wa kumkwepa mwenzake. Elisante alikuja taratibu, kofia imeshuka usoni, akampita kana kwamba amepita nguzo ya simu. Hata kichwa hakutikisa. Katika nchi hii mtu anaweza kukudhulumu shamba na bado akakusalimia asubuhi. Anayekupita kimya amekwisha kukuhukumu.

Usiku alimsimulia mkewe, Zuleha, aliyekuwa akichambua mchele.

"Wewe ulimwamkia?" Zuleha aliuliza.

"Aliniona vizuri tu."

"Sikukuuliza kama alikuona. Yule ni mkubwa kwako. Ulimwamkia?"

Swedi alikiri kwamba hapana. Alikuwa amenyamaza makusudi, amwone atafanya nini.

"Basi mwenye makosa ni wewe," Zuleha alisema. "Na hizo tahadhari, Mungu akusamehe. Muadhini naye anakuamsha kila alfajiri kwa maneno yale yale. Mbona humshuku kwamba amehongwa na wauza kahawa?"

Swedi hakucheka. Alilala akiwa amekwisha kuamua kumtegea mzee mtego, na mtego aliouwaza ulikuwa wa namna ambayo rubani peke yake angeuwaza, na ambayo hakuna rubani mwenye haki ya kuufanya.

Kesho yake alasiri alirudi kutoka Singida bila abiria. Anga lilikuwa jeupe, jua kali. Kila rubani anayekaribia kiwanja hutaja mahali alipo, na neno lake huaminiwa, kwani anga zima linakaa juu ya uaminifu huo. Ukisema uko kaskazini, wenzako watapangwa kusini. Swedi alizunguka mbali, akaja upande wa kusini, mnara ukawa mbele yake na kioo chake cha nyuma kikimtazama. Kisha akabonyeza kitufe akasema yuko kaskazini, juu ya Miyuji, anashuka.

"Nakuona," sauti ya Elisante ilijibu. "Endelea. Tahadhari, ng'ombe karibu na njia."

Hasira na furaha zilimjia Swedi kwa pamoja. Amemnasa. Mzee hata hatazami. Amekaa na chai yake, anasoma tahadhari kama kasuku, na uongo juu yake. Alitua bila kupita juu, akaiacha ndege ikiwa bado inatoa moshi, akavuka uwanja kwa miguu mirefu. Alizikwea ngazi za mnara akiwa amepanga maneno yote, mpaka na yale ambayo mtu hamwambii mkubwa wake.

Aliusukuma mlango, akasimama. Hakuamkia.

Elisante alikuwa ameketi mbele ya vioo, mgongo umeelekea mlangoni. Aligeuka. Alikuwa akijimiminia chai kutoka kwenye chupa, na kidole chake cha shahada kilikuwa ndani ya kikombe, kinangoja joto la chai lifike.

"Nani?" aliuliza.

Swedi alikuwa hatua chache kutoka kwake, mwanga wote wa alasiri umemwangukia usoni. Alinyamaza.

"Debora? Umesahau nini?" Mzee aliinamisha kichwa, sikio mbele. Ndipo Swedi alipoyaona macho yake vizuri. Katikati, palipotakiwa kuwa peusi, palikuwa na ukungu kama maji yaliyooshewa mchele. Bibi yake kule Kondoa alikufa na macho ya namna hiyo, akiwatambua wajukuu kwa kuwapapasa vichwa.

Maneno yote aliyoyapanga yalimtoka. Yalibaki mawili tu, nayo yalijisema yenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Swedi." Elisante alitoa kidole kikombeni, akakifuta kwenye suruali. "Umekuja kunigombeza."

"Nilikuwa kusini," Swedi alisema. "Nimekwambia niko juu ya Miyuji, nami nilikuwa nyuma ya kisogo chako. Ukasema unaniona."

Mzee aligeukia vioo. Redio ilikoroma, ikanyamaza.

"Nilisikia injini iko upande mwingine," alisema. "Nikajiambia ni upepo umeigeuza sauti. Rubani hawezi kunidanganya alipo. Kumbe anaweza."

Swedi aliona aibu, na aibu hiyo ikamkasirisha. "Tangu lini huoni?"

"La kushoto tangu mwaka juzi. La kulia likafuata. Mtoto wa jicho. Asubuhi jua likipiga kioo hiki huwa sioni kitu kabisa, ndiyo nikaomba alasiri. Zamani nilikuwa na Mazengo hapa, anashika darubini, mimi naongea. Walipokuja kupunguza watu wakasema mnara mdogo kama huu mtu mmoja kwa zamu anatosha."

"Na ndege unaziongozaje?"

"Ndege nazisikia. Kuna siku siwezi kukosea hata aina yake."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe siwasikii," Elisante alisema. "Ndiyo maana nawataja kila siku. Mtu asiyeona, mdogo wangu, afanye nini? Nikisema njia ni safi, nimesema uongo unaoua. Nikiwaonya wote na kuwaambia wapite juu, mtanichukia, lakini mtatazama wenyewe."

"Mimi nilidhani unanionya peke yangu. Kwa ajili ya wale wa bluu."

"Una nini wewe hata nikuonye peke yako?"

Alilisema hilo bila ukali, na ndilo lililomwingia Swedi kuliko yote. Alivuta stuli akaketi. Mzee akamweleza. Akitaja ugonjwa leo, kesho yumo kati ya wanaopunguzwa, na ataondoka na macho mabovu na mikono mitupu. Hospitali moja ya misheni ilikuwa imemwahidi kumpasua baada ya Pasaka. Angechukua likizo, angerudi anaona, na hakuna ambaye angejua.

"Debora anajua?"

"Hajui. Au anajua na ananyamaza. Sijamwuliza, naogopa jibu." Elisante alinyoosha mkono mpaka ukaupata mkono wa Swedi. "Niachie mpaka Pasaka. Na wewe pita juu. Hilo tu. Nikisikia injini yako imepita juu kisha ikarudi, usiku nalala."

Swedi alimpa neno lake. Alipokuwa akishuka ngazi alijua vizuri kwamba hata angetaka kumshitaki, angeulizwa alijuaje, na jibu ni kwamba alitangaza angani mahali ambapo hakuwepo. Kwa kosa hilo leseni huchukuliwa, hairudi. Hakujua kama kilichomfunga mdomo ni huruma au ni woga, na hakupenda kuchunguza sana.

Tangu hapo akawa anapita juu kila siku bila kunung'unika. Aliteremka chini kabisa juu ya njia, akatazama ncha mpaka ncha, akazunguka, ndipo akatua. Mara mbili aliwakuta kweli ng'ombe ng'ambo ya mgongo, wamelala wanacheua, na mchungaji yuko kivulini. Jasho lilimtoka akifikiria ile siku aliyotua kwa jeuri.

Lakini shaka ni ugonjwa wa kuambukiza, na sasa ilikuwa imehamia kwa Brighton.

"Mwezi uliopita ulikuwa unamlaani huyo mzee," alimwambia kando ya tangi lile lile. "Leo anakwambia pita, unapita. Zunguka, unazunguka. Na jana nimekuona unatoka mnarani. Wamekupa nini?"

"Hakuna aliyenipa kitu."

"Mtu habadiliki bure, Kapteni. Mimi ni mfanyabiashara, najua."

Swedi alifungua kinywa, akakifunga. Kila jibu la kweli lilikuwa na jina la Elisante ndani yake. Brighton aliuona ule mdomo ukifungwa, akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa risiti, akaenda kupiga simu.

Kijana wa Nairobi aliitwa Filipo, mpole, nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alimwamkia Swedi kwa heshima zote, na Swedi akashindwa hata kumchukia. Ilipangwa waruke pamoja safari chache, Filipo akishika usukani na Swedi kiti cha kulia akimwonyesha njia, kisha Swedi aende zake. Walikwenda Kondoa, wakarudi alasiri na wakaguzi wawili wa shule. Brighton mwenyewe alikuwemo, kiti cha nyuma, na hedifoni masikioni ili asipitwe na neno.

Milima ya Haneti ilipopita chini yao, sauti nzito ilianza. Ng'ombe. Watu. Kimbunga cha vumbi. Pita juu kwanza, uhakikishe.

Filipo alitabasamu. "Ndiyo huyu mzee mnayenisimulia?"

"Ndiye," Brighton alijibu kutoka nyuma. "Wewe tua moja kwa moja."

"Pita juu," Swedi alisema.

Kijana aliwatazama wote wawili kwa zamu. Mbele yao njia ilikuwa nyeupe, tulivu, ikipanda mpaka kwenye mgongo wake na kuishia hapo. Ng'ambo haikuonekana. Ilikuwa saa ya kunywesha. Filipo alipunguza mafuta, pua ya ndege ikainama.

"Filipo, pita juu."

"Kapteni, samahani, lakini yeye ndiye bosi. Naona njia iko safi."

"Unaona nusu."

"Mnara si utatuambia kama kuna kitu kweli?"

"Mnara hauwezi kutuambia."

"Kwa nini?" Filipo aliuliza, na lilikuwa swali la haki, la rubani kwa rubani.

Swedi alifikiria kumwambia uongo. Aliutafuta, akaona kila uongo aliokuwa nao Brighton angeung'oa kwa neno moja, na ardhi ilikuwa inapanda. Nyuma ya shingo yake wakaguzi wa shule walikuwa wakicheka kuhusu jambo fulani la huko Kondoa. Alifikiria ile ahadi, na mkono wa mzee ukipapasa kuutafuta mkono wake.

"Kwa sababu haoni," alisema. "Ni kipofu. Anaonya wote kwa kuwa hamwoni yeyote."

"Umejuaje?" Hiyo ilikuwa sauti ya Brighton.

"Nilitangaza niko Miyuji nami niko kusini. Akasema ananiona."

Filipo alisukuma mafuta mbele, ndege ikanguruma, wakapita juu ya njia, chini chini, juu ya mgongo na kuvuka. Swedi aliinama dirishani, akatazama kwa macho yote aliyokuwa nayo. Aliomba, Mungu amsamehe, awepo hata ng'ombe mmoja, hata mtoto na ndoo yake, hata mbuzi. Njia ilikuwa safi mpaka mwisho. Hapakuwa na kitu.

Walizunguka. Sauti ya mnarani ikawajia, safari hii kwa Kiswahili, ikiwa na furaha ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Nimekusikia umepita, Swedi. Ahsante, mdogo wangu. Njia ni yako."

Swedi alikiweka kidole kwenye kitufe, akashindwa kukibonyeza.

"Mjibu," Brighton alisema nyuma yake, polepole. "Mjibu kama siku zote, asije akashuku."

Na Swedi akabonyeza, akajibu, "Ahsante, mzee," kwa sauti yake ya kila siku.